Mche Mmoja wa Sabuni, Nakuru Hadi Busia

Jumanne, Nakuru

Mteja aliisoma sentensi yangu mara mbili, akaiweka karatasi mezani taratibu, akauliza, "Sabuni inamjali nani?"

Nilikuwa nimeandika hivi: "Sabuni inayoijali familia yako." Maneno manne, wiki tatu.

"Mimi nina mke na watoto watano," akaendelea. "Nikiingia nyumbani nimwambie mama watoto kuna sabuni inayomjali, ataniuliza nimekunywa wapi."

Bosi wangu akakohoa. Mimi nikageukia dirisha, nikawa naikodolea macho mijakaranda ya Kenyatta Avenue kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Mzee alisema kweli. Sentensi ile ilizaliwa kwa Kiingereza, mimi nikaifunga leso kiunoni nikaileta sokoni. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na tangu hapo sisi tunaoandika matangazo hapa, kampuni yetu ya watu wanne ikiwemo, tunajitia kusema kama watu wasiowahi kuchota maji kwa mtungi.

Mteja alipoondoka bosi hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema tu, "Umeiandika ukiwa ghorofa ya tatu. Nenda inakonunuliwa." Wanunuzi wengi wa sabuni hii wako upande wa magharibi: Kisumu, Kakamega, kushuka hadi Busia. Amenipa nauli, siku sita, na sharti moja: nirudi na sentensi ambayo mtu anaweza kuisema bila kulipwa.

Nimetia begini mche mmoja wa sampuli, ungali ndani ya karatasi yake, daftari na kalamu mbili. Sheria nimejiwekea mwenyewe. Kwanza, nisitazame matangazo ya wenzangu kwenye simu. Pili, kila siku niandike angalau kauli tatu za watu jinsi zilivyotoka kinywani, bila kuzinyoosha.

Jioni nimeanzia stendi ya matatu, bila kusafiri, kutazama tu. Makanga mmoja alikuwa akiita "Bado mmoja! Bado mmoja twende!" na ndani ya gari nikahesabu vichwa vinane. Kati ya hivyo, vitano havikuwa na mzigo wala haraka. Akaja mama na mtoto mgongoni, akachungulia, akaona gari karibu linajaa, akapanda. Muda si muda kijana wa kiti cha mbele akashuka, kana kwamba amesahau kitu dukani. Akaja mzee na gunia, naye akapanda. Abiria mwingine akashuka kwenda kujisaidia na hakurudi. Ndani ya dakika ishirini wale watano wote walikuwa wameshuka mmoja mmoja, na nafasi zao zimekaliwa na watu wenye tiketi. Kila mtu pale anaujua mchezo huu, hata yule mama. Lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa ndani ya gari tupu.

Nimeandika: "Kazi yetu ni kujaza viti." Halafu nikakumbuka sheria ya pili. Hiyo si kauli ya mtu, ni yangu. Nimeikata.

Jumatano, barabarani

Nimetoka Nakuru saa moja asubuhi, kiti cha dirishani. Salgaa malori yamepanga foleni kama kawaida, na malori ndiyo maktaba yangu ya leo. Nyuma ya moja: "Wivu wa nini na mkopo ni wangu." Nyuma ya jingine, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: "Mama aliomba." Basi. Aliomba nini, hakusema. Hilo la pili limenikaa kichwani hadi Mau Summit, na nadhani ni kwa sababu limeniachia kazi ya kumalizia.

Kaka aliyeketi karibu nami ni mchoraji wa magari, amekwenda Nakuru kutafuta rangi. Amenieleza kuhusu mwaka 2004, zile sheria za waziri wa uchukuzi, Michuki, zilipoanza kazi mwezi Februari na kila matatu ikalazimika kuwa na mstari wa manjano, michoro ikafutwa. Yeye alikuwa mwanafunzi wa fundi wakati huo. "Tulikula njaa," alisema. "Halafu tukagundua serikali imepiga marufuku picha, haijapiga marufuku jina la njia. Tukaanza kuandika ndogo, kwa unadhifu." Ananiambia mwandiko wake mzuri wa leo aliupata katika miaka ile ya mstari mmoja. Nimemwomba ruhusa ya kuliandika hilo. Amekubali ila akasema niandike pia kwamba anachora kwa bei nzuri.

Mau Summit tumekata kushoto. Kericho imepita kijani kibichi, chai imenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, baridi ya kufunga dirisha. Sina la kusema kuhusu Kericho isipokuwa kwamba nimelala.

Nimeamshwa na joto. Tumeshuka hadi uwanda wa Kano, mashamba ya mpunga pande zote, na pale Ahero gari liliposimama kushusha mtu, wauzaji wamelivamia dirisha langu. Hapa nimejifunza kitu, nakiandika kwa urefu kwa sababu nimekitazama mara tatu.

Gari husimama kwa muda wa kushusha abiria mmoja na begi lake. Kijana wa njugu hana nafasi ya kusema habari yako. Hasemi njugu zake ni tamu, hasemi zimekaangwa leo. Anapenyeza pakiti hadi ndani, anaiweka kwenye paja langu, anasema, "Ishirini." Neno moja. Sasa njugu ziko kwangu na ili nisizinunue inabidi mimi ndiye nifanye kazi: nizirudishe, nimtazame usoni, niseme sitaki. Wa pili, wa tikitimaji, amekata kipande chekundu akakishika usawa wa jicho langu bila kusema lolote, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Wa tatu alianza hotuba: "Dada karibu, sisi hapa tuna ndizi safi kutoka..." Gari likaondoka. Nikamwona kwa kioo cha nyuma bado anaongea.

Yule wa tatu ni mimi kabisa.

Nimefika Kisumu saa saba. Njugu zilikuwa na chumvi nyingi mno, lakini nimezila zote.

Alhamisi, Kisumu

Dunga alfajiri. Mitumbwi inarudi na omena, samaki wadogo wasiozidi kidole, wanaovuliwa usiku kwa taa. Mvuvi mmoja amenieleza kwamba mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa kuwa taa yao haionekani na samaki hawasogei. Taa ya betri juu ya kiboya, giza pande zote, na omena wanakuja wenyewe. "Mwezi ukiwaka, taa yangu ni nini?" aliuliza. Nimewafikiria wateja wetu wanaotaka tangazo lao litoke Desemba, wakati kila mtu anatangaza.

Halafu nimeharibu. Nilisimama mbele ya mama anayeanika omena kwenye nyavu chini, nikatoa daftari na kuanza kuandika anayowaambia wateja. Akanyamaza. Jirani yake akanyamaza. Mstari mzima ukanyamaza kama kuku walioona mwewe.

"Unaandika nini?" akauliza. "Wewe ni wa kanjo?"

Nikajitetea kuwa mimi si wa kaunti, sikusanyi ushuru, natafuta maneno tu. Ikawa mbaya zaidi. Mtu anayetafuta maneno ya wengine asubuhi na mapema si mtu mzuri. Nikarudisha daftari begini, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikanunua. Gorogoro nzima ya omena. Kulipa ni kwa simu, bila shaka, na alipokuwa akisubiri ujumbe uingie nikakumbuka kwamba hata M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikuwauzia watu simu wala teknolojia. Ilisema tuma pesa nyumbani, jambo ambalo watu walikuwa tayari wanalifanya kwa kumkabidhi dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu.

Pesa ilipoingia, uso wake ukafunguka. Akaniita arudie kunipimia, maana aliona nimebeba kipimo bila kukagua. "Nyathina, mwanangu, usiangalie. Sikiza." Akachota omena kiganjani, akaziachia zidondoke juu ya sinia ya bati. Zikalia kama mvua ya mbali juu ya mabati. Akachota nyingine kutoka kwenye rundo la pembeni, zilizoanikwa jana jioni. Zikaanguka bila sauti, zikajibandika. "Hizo zikifika kwako kesho ni harufu tu. Hizi zitafika hadi Krismasi."

Hakuna neno "bora" hapo. Hakuna "ubora wa hali ya juu", ambalo naona nimeliandika kwenye matangazo manne mwaka huu. Ametumia sinia.

Nimeandika maneno yake nikiwa kwenye pikipiki, tumeshaondoka. Omena ziko begini pamoja na sabuni. Hilo sikulifikiria vizuri.

Ijumaa, Kakamega

Mvua tangu adhuhuri. Kakamega haitanii na mvua.

Asubuhi kabla haijaanza nilishuka Ilesi, kwa kina mama wafinyanzi, karibu na lile jiwe refu linalolia, maji yakilichuruzika hadi chini. Nimemsalimu mfinyanzi mmoja "mulembe" na kwa sababu ya salamu hiyo moja amenipa kigoda. Kabla ya kumuuzia mtu chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kukiegemeza sikio. Kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa kinakohoa. Mnunuzi naye anaruhusiwa kugonga. Ndiyo mara ya pili ndani ya saa ishirini na nne mtu ananiuzia kitu kwa sikio, na mimi kwa miaka saba nimekuwa nikiwaza macho tu: rangi, picha, herufi kubwa.

Nikamuuliza kama watu hawagongi vyungu vyake wakavivunja. "Wanaoogopa kugongewa ndio wenye ufa," akanijibu, na sidhani alikuwa akizungumzia vyungu.

Njiani kurudi mjini, matanga yalikuwa yakipita na ngoma za isukuti, ile ya baba, ya mama na ya mtoto, kubwa kwa ndogo. UNESCO waliiorodhesha ngoma hii mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Dereva wangu wa boda alizima pikipiki tusubiri wapite. Hakuna aliyemwambia.

Baada ya hapo, mvua. Nimekaa nyumba ya wageni mchana wote uliobaki, na mhudumu amegonga mlango mara mbili kuuliza, kwa heshima sana, kama kuna kitu kimeoza. Nimemwonyesha omena. Amenishauri nizitundike nje ya dirisha. Sikuandika kauli ya tatu ya leo. Nimejaribu kuitunga nikaona ni uongo.

Jumamosi, Busia

Mumias, Bumala, Busia. Miwa, miwa, halafu malori.

Nimekuja huku kwa ajili ya neno moja. Boda boda lilizaliwa mpaka huu wa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo yao kwenye kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya mpaka. Walichouza ndicho walichoita: boda, boda. Yaani ukitaka kwenda mpakani, panda. Leo neno hilo liko Kampala, liko Mwanza, liko kwenye sheria na kwenye kamusi, na baiskeli yenyewe imekuwa pikipiki. Hakuna kampuni iliyolipwa kulibuni. Ingelipwa, naapa tungeleta "Vukisha" au "SafariPap".

Nimekaa kibandani na mzee aliyekuwa akivusha watu kwa baiskeli enzi zake. Nikamuuliza ni nani aliyeanza kuita hivyo. Akanitazama kama nimemuuliza ni nani aliyeanza kupiga chafya.

"Ulikuwa ukiita jina lako watu wanapita. Ukiita baiskeli, kila mtu anaona ni baiskeli. Ukiita wanakokwenda, wanageuka."

Nimemlipia chai na mandazi manne. Kauli hiyo moja nimeipigia mistari miwili, kisha wa tatu. Ukiita wanakokwenda. Sentensi yangu ya sabuni ilikuwa ikiita jina langu.

Kurudi Kisumu nimepita Ugunja, Yala, Luanda. Maseno tumevuka ikweta, na abiria wote kasoro mimi walikuwa wamelala. Kesho Jumapili, siku kubwa ya soko la Kibuye.

Jumapili, Kibuye

Kibuye kuna kila kitu: mitumba, viti vya mbao, kuku hai, masufuria yanayogongwa pale pale, miwani ya kusomea ya kujaribu mwenyewe. Siku nyingine pia soko lipo, ila Jumapili linamwagika hadi barabarani.

Nimeanza kwa leso, kwa tamaa tu. Muuzaji alikuwa akizifungua moja moja na kusoma jina kwa sauti, na wateja wakicheka au wakikunja uso. Hakuna aliyeuliza rangi kwanza. Nimenunua moja yenye jina "Umdhaniaye ndiye kumbe siye". Pembeni zile za Kaderdina Hajee Essak, wenye leso wa Mombasa, bado zina alama yao ya zamani, "Mali ya Abdulla". Nimeipapasa ile alama kwa kidole. Nguo ina mwenyewe, amejiandika. Maneno yaliyo katikati yake hayana.

Kisha nikamkuta mama sabuni.

Meza yake iko chini ya mwavuli mkubwa uliochanika upande mmoja, wenye maandishi ya kampuni fulani ya rangi za nyumba. Nyuma yake miche ya sabuni imepangwa kama matofali ya tanuri: miwili hivi, miwili ikikingama juu yake, nafasi kati ya kila mmoja, hadi urefu wa kiuno. Yote imevuliwa karatasi. Anakata kwa waya wa breki ya baiskeli, ncha zote mbili zimefungiwa vijiti vya kushikia. Anauweka mche juu ya ubao, anatazama bila kupima, anavuta waya kuja kifuani. Sabuni inatoa mlio mfupi, na kipande kinaanguka na ukingo mkali kama wa bati. Vipande kumi kwa mche, na ukivipanga vyote utadhani vimetoka kwenye mashine.

Safari hii sikutoa daftari. Nilinunua kipande, nikakaa upande wa kivuli, tukaongea bei ya mahindi.

Akaja msichana, akainua kipande cha ishirini, akakigeuza geuza. "Mama, hiki kidogo."

"Kidogo ndiyo," akajibu bila kuacha kukata. "Lakini hata ukikisahau kwa beseni, utakikuta."

Msichana akacheka, akalipa.

Mimi nikahisi kitu kimenipiga kifuani. Kila mtu aliyewahi kufua kwa mkono anaijua aibu hiyo: umeita mtu, umeingia ndani, umerudi, na sabuni ya shilingi ishirini imegeuka uji chini ya maji. Kila mtoto amewahi kuchapwa kwa ajili yake. Na huyu mama ameimaliza habari yote kwa pumzi moja. Nimemsikia akiisema tena kwa mzee mmoja, na tena kwa mama wa mandazi, kila mara ikiwa imebadilika kidogo. "Isahau kwa beseni, utaikuta."

Nikamuuliza ni sabuni gani hiyo. Akanionyesha karatasi iliyotupwa chini ya meza. Ya mteja wetu! Nusura nimkumbatie. Nikatoa mche wa sampuli begini kumwonyesha kwamba tuko pamoja, akauchukua, akaunusa, akaurudisha nyuma kidogo.

"Huu umeutoa ziwani?"

Nikamweleza habari ya omena. Alicheka hadi akaketi. Kisha akaacha kucheka, akabonyeza sampuli yangu kwa kidole gumba. Kidole kikaacha alama.

"Lakini huu bado mbichi," akasema. "Huu ukiusahau, hutaukuta."

"Ni sabuni ile ile, mama."

"Ndiyo. Ila hii yangu imekaa hapa wiki tatu."

Hapo ndipo nilipoielewa ile tanuri ya matofali nyuma yake. Sabuni ikitoka kwenye katoni bado ina maji mengi ndani. Inalainika upesi na kuyeyuka upesi. Yeye huvua karatasi siku ya kwanza, huipanga ipitishe hewa, na hakati hata mche mmoja kabla ya wiki tatu. Inasinyaa kidogo, inakuwa ngumu, waya unalia. Wenzake wengine hukata siku ile ile. "Ndio wanaoniletea wateja," akasema.

Usiku nimekopa beseni la nyumba ya wageni. Saa tatu kamili nimetumbukiza vipande viwili vya ukubwa mmoja: kimoja cha sampuli, kimoja cha mama. Nimelala kwa shida.

Jumatatu, Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa meupe upande mmoja. Kipande cha sampuli kimelala kama ugali uliokosa unga. Nilipokishika kikapita kati ya vidole. Cha mama kimekuwa laini juu, ute kidogo, lakini nikikipangusa pembe zake zote nne bado zipo. Nimevipiga picha vyote viwili.

Nimempigia bosi, nikamsomea ile sentensi. Kimya. Halafu akasema, "Irudie." Nikairudia. Nikamsikia akiivuta droo na kutafuta kalamu.

Kisha nikamwambia sehemu ya pili, kwamba sentensi ni ya kweli kwa kipande kimoja tu, na kipande hicho hakikutengenezwa kiwandani pekee. Kilimaliziwa Kibuye. Tukiiweka ukutani jinsi mambo yalivyo, mtu atanunua sabuni mbichi, ataisahau kwa beseni, na hataikuta. Nasi tutakuwa tumemfundisha jinsi ya kutucheka.

Mteja ameunganishwa kwenye simu. Hakufurahi. Kukausha wiki tatu ni ghala, ni mtaji uliolala, na sabuni ikikauka inapungua uzito, naye katoni huuza kwa kilo. Akauliza mbona tusiseme tu "Utaikuta" na kuliacha beseni. Bosi wangu, Mungu ambariki, akamwuliza ni nani huyo sabuni inayemjali. Mwishowe amekubali kukausha shehena moja kwanza na kuijaribu mwenyewe, kwa beseni la mkewe. Hadi hapo hakuna tangazo.

Saa nne nimerudi Kibuye. Soko limepungua, upepo wa ziwa unaupeperusha mwavuli wake uliochanika. Nimeweka vipande viwili mezani, kimoja ndani ya kikombe kwa sababu hakiwezi tena kusimama. Akavitazama, hakushangaa.

"Nataka kuyachukua yale maneno yako ya beseni," nikamwambia. "Yaandikwe kwenye tangazo. Nimekuja kuomba, na tulipe."

Akakata mche mzima kabla ya kunijibu. Vipande kumi.

"Yataenda hadi Nakuru?"

"Yakienda vizuri, hadi Mombasa."

"Na mnalipa ngapi?"

Bosi aliniruhusu elfu tano, nikasema elfu tano. Akanitazama jinsi alivyomtazama yule msichana wa jana.

"Kumi," akasema. "Na mwavuli. Huu umekufa."

"Mwavuli ni rahisi, mama. Tutakuletea mkubwa, mpya, wenye jina la sabuni yenyewe pande zote."

"La." Akanyoosha waya wake, akaufuta kwa pindo la leso. "Mweupe. Huu nimewatangazia watu rangi miaka sita, na hata kopo moja ya nyumba yangu sijapewa."

Nimetoa daftari, safari hii mbele yake, naye amenisubiri nimalize. Nimeandika kwenye bajeti: shilingi elfu kumi, maneno. Mwavuli mmoja mkubwa wa sokoni, mweupe, usio na maandishi.